Kufundisha sifa za maji kwa vitendo huku Nyanda za Juu Kusini: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu wa sayansi mnaofundisha darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza, hasa kwenye shule ambazo maabara ni kabati moja na meza mbili. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu kijana aliyekwama kwenye hatua ya nne. Ndiyo maana hatua hiyo utaikuta ndefu kuliko zote.

Vifaa: viazi mviringo vikubwa na vidogo, njiti za meno, sarafu za shilingi 200, sabuni ya maji, chumvi, sukari, mafuta ya kula, mabomba ya sindano ya mililita 20 (sindano zenyewe zisifike darasani), sufuria ndogo, jiko la gesi la mtungi mdogo, kipimajoto cha maabara, barafu, magadi soda, penseli mbili na betri ya volti 9. Ukikosa hiyo, unga betri nne za tochi kwa mfululizo.

Hatua ya 1: Jenga molekuli kabla ya kuandika chochote ubaoni

Kiazi kikubwa ni oksijeni, viwili vidogo ni hidrojeni. Vichomeke kwa njiti. Watoto wengi wataviweka pande mbili zinazotazamana, kama mikono iliyonyooshwa. Warekebishe hapo hapo: hidrojeni zote mbili hukaa upande mmoja wa oksijeni, na pembe kati yake ni nyuzi 104.5. Umbo hilo lililopinda ndilo linalofanya upande wa oksijeni uwe na chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni chaji chanya kidogo. Kila kundi liweke molekuli zake mezani, hidrojeni ya moja ikielekea oksijeni ya nyingine. Molekuli za maji hushikana hivyo, na hatua zote zinazofuata zinategemea kushikana huko.

Sipendi kabisa kuanza mada hii kwa jedwali la elementi. Mtoto ananakili alama ishirini na hajui hata moja inahusu nini.

Hatua ya 2: Matone juu ya sarafu

Wanafunzi wabashiri kwanza: sarafu itabeba matone mangapi kabla maji hayajamwagika? Waandike, kisha wadondoshe kwa bomba la sindano, tone moja moja. Maji yatavimba juu ya sarafu na karibu kila mtoto atakuwa amebashiri kidogo mno. Rudia kwa sarafu iliyopakwa sabuni kidogo. Maji yatatandaa na kumwagika mapema zaidi. Molekuli za juu huvutwa na zile za pembeni na za chini yake, ndiyo maana uso wa maji hujikaza. Sabuni hujipenyeza katikati na kulegeza mshikamano huo.

Wako wanaotumia kitana kilichosuguliwa kwenye nywele ili kupindisha mchirizi wa maji, wakisema huo ni ushahidi wa umbo la molekuli. Mimi nimeliacha jaribio hilo. Mchirizi unapinda kweli, lakini sehemu kubwa ya mvuto huo hutokana na chaji ndogondogo zilizomo ndani ya maji, zinazojipanga upya kitana kinapokaribia. Ukilitumia, litumie kwa kuvutia macho tu.

Hatua ya 3: Kipi huyeyuka, kipi hakiyeyuki

Chumvi, sukari, mchanga, mafuta, kila kimoja kwenye glasi yake. Hii ni rahisi, usiipe zaidi ya nusu kipindi. Cha kusisitiza ni kimoja: pima uzito wa maji na chumvi kabla ya kukoroga, na baada yake. Mizani ya dukani inatosha. Uzito ni ule ule, kwa hiyo chumvi haijapotea.

Hatua ya 4: Kuchemsha maji, na kwa nini kipimajoto chako hakisomi 100

Yule mwalimu kijana alinipigia simu jioni. “Shikamoo mwalimu. Vipimajoto vyote vitatu ni vibovu, maji yanachemka lakini vimegoma kwenye 94.” Alikuwa amebadilisha sufuria, ameongeza moto, amebadilisha maji, na darasa lilikwisha watoto wakiambiwa waandike 100. Vipimajoto vyake vilikuwa vizima. Shule iko juu ya mji wa Mbeya.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa huo. Kwa kukadiria, kila mita 300 unazopanda zinapunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1 hivi. Kwa hiyo Mbeya utasoma kati ya 94 na 95, Iringa mjini karibu 95, Njombe 93 na kitu, na ukipanda hadi Kitulo, mita 2,600 hivi, utasoma kama 91 au 92. Ukishuka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, utarudi kwenye 98 na kitu.

Usimwambie mwanafunzi aandike 100 wakati macho yake yameona 94. Ukifanya hivyo umemfundisha kwamba kitabu kikipingana na kipimo, kipimo kitupwe, na hapo hakuna sayansi tena. Mwache aandike alichokiona, halafu mtafute sababu pamoja. Fuateni utaratibu huu.

Kwanza, thibitisheni kipimajoto. Ponda barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga vizuri. Barafu utaipata kwa wauza samaki au dukani penye friza. Baada ya dakika chache kipimajoto kisome 0, au karibu sana na hapo. Kiwango hiki hakiathiriwi na mwinuko kwa namna ambayo mtaiona, kwa hiyo ni mtihani wa haki. Kikisoma 0 kwenye barafu, darasa halina tena sababu ya kukishuku. Kikisoma 2, kumbukeni kuondoa 2 kwenye vipimo vinavyofuata. Watoto wenyewe ndio wafanye jambo hili, usilifanye peke yako ofisini, maana imani yao kwa hatua nzima inajengwa hapa.

Kuhusu aina ya kipimajoto: tumia cha maabara chenye spiriti nyekundu, kinachofika 110. Cha hospitali huishia 42 na kitaharibika au kupasuka. Cha zebaki sikiruhusu kwenye darasa la watoto, hata kama kipo kabatini. Kikivunjika mvuke wake ni sumu.

Kuhusu moto: gesi. Kwenye mkaa huwezi kuongeza wala kupunguza moto unapotaka. Isitoshe, huku kwetu Juni na Julai kuna baridi, madirisha yanafungwa, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Kama mkaa ndio ulio nao, fanyieni nje.

Weka nusu lita ya maji safi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka. Ning'iniza kipimajoto kwa uzi ili ncha yake izame majini bila kugusa kitako cha sufuria. Kikigusa kitako kitasoma joto la chuma. Mwanafunzi mmoja asome kila dakika, macho yake yakiwa sawa na usawa wa spiriti, mwingine aandike. Vipovu vidogo vitakavyoonekana mapema kwenye kuta za sufuria ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, na kuna mtoto atapaza sauti kwamba yamechemka. Subirini hadi mapovu makubwa yatoke chini na kupasukia juu mfululizo. Hapo namba itasimama. Sasa ongeza moto. Mapovu yataongezeka, namba haitapanda. Wachore grafu: mstari unaopanda kisha unalala. Huo mlalo ndio kiwango cha kuchemka, popote ulipo.

Sababu ni hewa. Ili povu la mvuke lisimame ndani ya maji, mvuke wake lazima usukume kwa nguvu inayolingana na hewa inayokandamiza kutoka juu. Juu ya Mbeya hewa ni kidogo, mgandamizo wake ni zaidi kidogo tu ya asilimia 80 ya ule wa pwani. Maji hayahitaji joto la 100 ili kuushinda.

Maneno hayo peke yake hayatoshi kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na huna basi la kuwapeleka Kyela na Kitulo kwa siku moja. Tumia bomba la sindano. Chukua maji yaliyokwisha kuchemshwa, yakipoa hadi nyuzi 65 hivi vuta ndani ya bomba hadi robo yake, toa hewa yote, ziba mdomo wa bomba kwa kidole kilichovaa glavu, kisha vuta pampu kwa nguvu. Maji yatachemka mbele ya macho yao, bila moto. Achia pampu irudi, mapovu ya mvuke yatatoweka. Povu dogo likibaki, hilo ni hewa. Nasisitiza maji yawe yamechemshwa kabla kwa sababu maji mabichi yana hewa nyingi, nayo itatoka na kuwachanganya. Maji ya vuguvugu tu hayatafanya kitu cha kuonekana, na hata kwenye 65 yanaunguza ngozi haraka, yakizidi hapo zaidi, kwa hiyo pima kabla ya kugawa na yasimwagikie mtu.

Baada ya hapo waulize kwa nini maharage ya Makete, kule juu milimani, yanakaa jikoni muda mrefu kuliko ya Kyela, na kwa nini sufuria ya presha inasaidia. Wataunganisha wenyewe: maji yanayochemka kwenye joto dogo hupika polepole, na sufuria iliyozibwa huongeza mgandamizo, hivyo maji hupata joto zaidi kabla ya kuchemka.

Kwenye mtihani waandike “nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari”. Jibu hilo ni sahihi, na haliwalazimishi kukana walichokiona.

Hatua ya 5: Barafu

Jaza chupa ya plastiki hadi mdomoni, funga, weka kwenye friza usiku mzima. Itavimba, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Usitumie ya kioo. Watoto wa Makete na Njombe wanaijua sakitu, yaani umande ulioganda, asubuhi za Juni, kwa hiyo waulize kinachotokea ndani ya jani la kiazi usiku huo.

Hatua ya 6: Kuyagawanya maji

Chonga penseli pande zote mbili, ziungane na betri kwa nyaya, ncha nyingine zizame kwenye glasi ya maji yenye kijiko cha magadi soda. Usiweke chumvi ya mezani. Ukiiweka, utapata klorini, gesi yenye sumu, na watoto watadhani maji ndiyo yanayoitoa. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa, wala moto usisogezwe karibu na glasi.

Ncha iliyo upande hasi itatoa mapovu mengi zaidi: hidrojeni. Upande chanya ni oksijeni. Ukikusanya gesi kwa mabomba mawili ya sindano yaliyojazwa maji yale yale na kupinduliwa juu ya ncha, utakaribia mbili kwa moja, ile ile ya vile viazi vya hatua ya kwanza. Mara nyingi oksijeni itapungua kidogo, kwa sababu huyeyuka majini zaidi ya hidrojeni na nyingine hula kaboni ya penseli. Acha betri ifanye kazi dakika kadhaa kabla ya kuanza kukusanya, tofauti itapungua. Na tena, waandike walichopima.