Mziki wa Kuangalizia Sinema kwa Bajeti Ndogo: Spika Kwanza, Risiva Baadaye

Wateja wengi wanaotaka niwafungie mziki wa sinema nyumbani huanza na swali moja: "Fundi, hii ina wati ngapi?" Najua linakotoka. Wati zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na kila duka la Kariakoo lina boksi lenye namba kubwa kuliko la jirani yake. Lakini kati ya namba zote, hiyo ndiyo itakayokusaidia kidogo zaidi. Mimi nikimfungia mtu mziki wake wa kwanza kwa hela ya kudunduliza, naanza na chumba, nakuja kwenye spika, na risiva naichagua mwisho.

Kwanza tuelewane maneno. Risiva ninayoisema hapa si ya dishi wala si king'amuzi. Ni amplifaya inayopokea picha na sauti kutoka kwenye vyombo vyako, inaichambua ile sauti na kuigawa kwenye spika tano au zaidi. Na nikisema sabufa nina maana ya spika moja ya besi, ingawa mtaani neno hilo sasa linabeba seti nzima ya spika ndogo na redio yake. Seti hizo zina raha zake, ila huwezi kuziongezea kitu. Kikiharibika kimoja, umeanza upya.

Hatua ya 1: Kipime chumba

Chukua futi, pima urefu na upana wa sebule, kisha pima kutoka kwenye makochi mpaka kwenye TV. Andika. Halafu simama katikati upige kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio unabaki hewani kama uko ndani ya tangi tupu, ujue hata spika za bei mbaya zitakuwa na kelele humo. Kuta za tofali na sakafu ya vigae ndizo zinazofanya hivyo. Zulia nene kati ya TV na makochi, pamoja na mapazia mazito yanayofika chini, vitasafisha sauti kuliko laki moja utakayoongeza kwenye spika.

Angalia pia makochi yamekaaje. Kwenye vijitabu vya maelekezo huchorwa kochi moja limetazamana na TV. Sebule zetu haziko hivyo: makochi yamezunguka kuta tatu, na mgeni anakaa popote. Aliyekaa pembeni husikia zaidi spika iliyo karibu naye, kwa hiyo maneno ya mwigizaji yanamjia kutoka kushoto wakati mdomo uko katikati ya TV. Ndiyo maana katika nyumba zetu spika ya katikati ninaiweka mbele ya sabufa. Kama mnaoangalia ni wawili tu na mnakaa katikati, inaweza kusubiri.

Na kama umepanga chumba chenye ukuta mmoja na jirani, besi inapita ukutani hata mlango ukiufunga. Sabufa iache kwanza.

Hatua ya 2: Gawa hela kabla hujaingia dukani

Tuseme una laki nane. Ningetenga laki nne na nusu kwa spika za mbele na ya katikati, laki mbili na nusu kwa risiva ya mtumba, na laki moja kwa nyaya, kilinda umeme na nauli ya mzigo. Watu wengi hugeuza hesabu hii, risiva ikala zaidi ya nusu. Hapo ndipo hela inapotea. Spika nzuri iliyotunzwa tangu miaka ya 1990 bado inaimba leo, kwa sababu haina cha kupitwa na wakati. Risiva inapitwa: HDMI, yaani tundu la waya unaobeba picha na sauti pamoja, toleo la 1.4 ilitoka mwaka 2009 ikaleta njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV, toleo la 2.0 la mwaka 2013 likaleta picha za 4K zinazokimbia vizuri, la 2.1 likaja mwaka 2017. Utabadilisha risiva mara mbili huku spika zikiwa zilezile.

Hela isipotosha spika tatu, nunua mbili. Risiva yoyote inakubali. Unaiambia kwenye menyu kwamba spika ya katikati haipo, nayo inayapeleka maneno kwenye hizo mbili. Spika mbili za mbao zilizotengenezwa sawasawa zinashinda tano za plastiki, na ya tatu utaiongeza ukipata.

Hatua ya 3: Chagua spika

Nyuma ya spika, au kwenye karatasi yake, kuna namba mbili ninazozitafuta. Ya kwanza ni ya desibeli: sauti inayotoka ukiipa wati moja na kusikiliza umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 84 inahitaji nguvu mara nne ili ifikie sauti ya spika ya desibeli 90. Maana yake, wati 30 kwenye ile ya 90 ni sawa na wati 120 kwenye ile ya 84. Kwa bajeti ndogo na risiva ndogo, tafuta 88 kwenda juu, na suala la wati litakuwa limejimaliza lenyewe.

Namba ya pili ni omu, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme. Spika za omu 8 au 6 ni salama kwa karibu risiva zote. Za omu 4 zinavuta umeme mwingi, na risiva ya bei nafuu itachemka na kujizima katikati ya filamu. Kuwa mwangalifu hasa na spika zilizonyofolewa kwenye seti za DVD za zamani, zile zenye plagi za rangi. Nyingi ni za omu 3 au 4, zilitengenezwa kwa mashine yake tu, na wauzaji huziuza mojamoja kwa bei ya kutamanisha. Ziache.

Spika za mtumba ndizo ninazowashauri wengi, ila zikague hivi:

- Fungua kitambaa cha mbele, bonyeza taratibu ukingo unaoshika koni, ile sehemu inayotetemeka. Kama ni mpira uwe laini. Kama ni sponji na inabaki unga kwenye vidole, imekwisha. Joto na unyevu wa Pwani vinaimaliza sponji haraka. Fundi anaweza kubadilisha, lakini ipunguze hiyo gharama kwenye bei palepale.
- Sukuma koni ndani kwa vidole vilivyotawanywa pande zote sawasawa. Ukisikia inakwaruza, koili imeungua au imepinda.
- Beba betri moja ya rimoti na vipande viwili vya waya. Gusisha chanya ya betri kwenye kishikio chekundu na hasi kwenye cheusi. Koni itoke nje kidogo. Ikiingia ndani, kuna mtu aliifungua akarudisha nyaya kinyume.
- Ukiwa na mita ya kupimia umeme, spika ya omu 8 itasoma kama 6 hivi, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Isiposoma kabisa, usilipe.

Kisha sikiliza, na usisikilize wimbo wa muuzaji. Wimbo huo umechaguliwa kwa sababu unaficha kasoro. Beba kwenye simu wimbo unaoujua kila kona, na sauti ya msomaji wa taarifa ya habari wa kiume. Sauti ya mtu ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote. Kama anasikika kaingiza kichwa ndani ya pipa, au herufi "s" zinachoma sikio, hiyo spika itakuchosha ndani ya wiki moja.

Spika tatu za mbele ziwe za ukoo mmoja, maana gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake isibadilike njiani. Za nyuma zinaweza kuwa za kampuni yoyote.

Hatua ya 4: Chagua risiva

Igeuze. Usoni hakuna cha kukusaidia.

Cha kwanza kabisa soma kibati cha umeme. Mzigo wa Japani umeandikwa AC 100V, wa Marekani 120V, na sisi tuna 230V. Niliwahi kuletewa risiva safi, haina mkwaruzo hata mmoja, mwenyewe aliinunua asubuhi akaichomeka jioni. Transfoma ilikuwa imeungua mpaka ndani. Mzigo wa Ulaya na Uingereza unaingia moja kwa moja. Baadhi ya modeli zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua umeme. Ihakikishe kabla ya kuchomeka. Ukiipenda ya Japani, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme mpaka 100, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibati. Mara nyingi ukijumlisha, ile ya Uingereza ndiyo ilikuwa rahisi.

Halafu wati, kwa kuwa najua bado unazifikiria. Usisome namba peke yake, soma maneno yanayoifuata. Wati 70 zilizopimwa kwa spika mbili pamoja, kuanzia hezi 20 (besi ya chini kabisa) mpaka 20,000 (mlio mwembamba kabisa), zina nguvu ya kweli kuliko wati 150 zilizopimwa kwa spika moja, kwa mlio mmoja, huku sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10. Maandishi ya PMPO, zile wati za kilele za kwenye matangazo, usiyahesabu hata kidogo. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 5,000 kwenye spika. Kwa sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na nne, wati 50 za kweli zinatosha na kubaki.

Je, HDMI ya zamani ni tatizo? Kwa picha za 4K ndiyo, lakini kuna njia. King'amuzi, kisanduku cha filamu, vyote vichomeke moja kwa moja kwenye TV, kisha sauti irudi kwenye risiva kwa HDMI yenye ARC (ile njia ya kurudisha sauti) au kwa waya wa mwanga (optical). Waya wa mwanga unapitisha Dolby Digital na DTS, mifumo ya sauti za filamu, za spika tano bila shida. Kinachokosekana ni zile sauti zisizopunguzwa za diski za Blu-ray. Kama huna diski hizo, hujapoteza kitu, na risiva inayodharauliwa dukani kwa sababu ya HDMI yake inakuwa nafasi yako. Dolby Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu ya kichwa, ulioingia majumbani mwaka 2014, usiilipie sasa kama huna mpango wa kuweka spika darini.

Iwashe dukani, sikiliza kila tundu la spika moja baada ya jingine, zungusha sauti uone kama inakwaruza, chomeka kila HDMI. Iache ipige nusu saa. Tatizo la joto halijitokezi dakika ya tano. Uliza rimoti na kile kimaiki chake cha kupimia chumba. Risiva bila rimoti mara nyingine huwezi kuingia kwenye menyu.

Hatua ya 5: Nyaya na mahali pa kuweka

Nyaya za dhahabu achana nazo. Waya wa shaba wa milimita 1.5 wa duka la vifaa vya umeme unatosha mpaka mita kumi. Ukwangue kwa kisu kwanza: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Zima risiva kabla ya kufunga, sokota ncha vizuri, uzi hata mmoja usiguse upande wa pili. Chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi, spika zote. Ukigeuza moja, besi inakonda na maneno yanakosa mahali pa kukaa.

Spika mbili za mbele ziachane karibu sawa na umbali wako wa kukaa, twita (kile kispika kidogo cha milio myembamba) usawa wa sikio. Ya katikati iwe chini ya TV, uiinue mbele kidogo itazame uso wako. Za nyuma ziwe ubavuni, zikivuka mabega kurudi nyuma kidogo, juu ya kichwa. Risiva iachie nafasi ya kiganja kizima juu yake, na usiweke king'amuzi mgongoni mwake.

Siku ukinunua sabufa, iweke kwanza juu ya kochi unalokalia, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, ndipo mahali pake.

Hatua ya 6: Ipange

Chomeka kimaiki, kiweke usawa wa sikio kwenye kochi, zima feni, toka chumbani, iache ijipime. Kama kimaiki hakipo, pima umbali wa kila spika kwa futi na uujaze kwenye menyu, kisha tumia mlio wa majaribio ulinganishe sauti za spika zote. Ukiwa na sabufa, spika nyingine zote ziandike "Small" hata kama ni kubwa, na mpaka wa besi uweke hezi 80. Kwenye TV, ingia mipangilio ya sauti utoe "PCM" uweke "Bitstream", la sivyo spika za nyuma zitanyamaza na utadhani umeuziwa mbovu.

Ukimaliza, weka filamu yenye mazungumzo mengi, mwite mtu akae kwenye kochi la pembeni kabisa, umuulize maneno yanatoka wapi. Akikuonyesha TV, kazi imekaa. Akikuonyesha spika iliyo karibu naye, ongeza ya katikati desibeli mbili, umuulize tena.