Adapta ya USB kwenda seriali haisemi na kifaa cha zamani? Anzia upande wa Linux

Juzi nilipewa swichi ya mtandao, Cisco Catalyst 2950, niifute na kuipanga upya. Nikachomeka adapta, nikafungua terminali, kimya. Saa nzima niliilaumu swichi kwa uzee wake, kumbe mzima ni yeye na mbovu ni kebo yangu. Tangu siku hiyo sigusi kifaa kabla sijaithibitisha adapta yenyewe. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Je, kompyuta imeiona adapta?

Fungua terminali, andika amri hii, kisha ndipo uchomeke adapta:

`sudo dmesg -w`

Ukiona mstari unaoishia na `now attached to ttyUSB0`, draiva ipo, na poti yako inaitwa `/dev/ttyUSB0`. Usihangaike kutafuta CD iliyokuja na adapta: draiva za chipu za kawaida, yaani FTDI, PL2303, CH340 na CP2102, zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Ukitaka kujua umeuziwa chipu gani, andika `lsusb`. Namba 0403:6001 ni FTDI, 067b:2303 ni Prolific, 1a86:7523 ni CH340, 10c4:ea60 ni CP2102. Kisipoonekana chochote kabisa, badilisha tundu la USB, na uiondoe hab (kile kigawanyi cha matundu ya USB) kama unatumia.

Hatua ya 2: Imeonekana, halafu ikatoweka

Hii imewasumbua wengi kwenye Ubuntu 22.04 wenye adapta za CH340. `ttyUSB0` inatokea, na papo hapo dmesg inasema `claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1`, kisha poti inaondoka. Brltty ni programu ya wasioona wanaosoma kwa vifaa vya Breli; baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu hiyohiyo, kwa hiyo inadhani adapta yako ni kimojawapo. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo:

`sudo apt remove brltty`

Chomoa, chomeka tena. Kama kuna anayeihitaji, iache, utumie adapta ya chipu nyingine.

Hatua ya 3: "Permission denied"

Poti ni mali ya kundi la `dialout` kwenye Debian na Ubuntu, `uucp` kwenye Arch. Jiunge na kundi:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Kisha toka kwenye akaunti na uingie upya. Kufunga dirisha la terminali peke yake hakutoshi. Ukiambiwa poti inatumika, uliza nani kaishika: `sudo fuser -v /dev/ttyUSB0`. Mara nyingi ni dirisha lako la jana, au ModemManager, ambayo hupenda kupekua poti mpya ikidhani ni modemu.

Hatua ya 4: Adapta ijisikilize yenyewe

Hapa ndipo ningeokoa saa yangu moja. Usiunganishe kifaa chochote. Tazama uso wa plagi ya pini tisa ya adapta, safu ya pini tano ikiwa juu: kwenye safu hiyo, ya katikati ni namba 3, na ya kushoto kwake ni namba 2. Namba 3 inatuma, namba 2 inapokea. Ziunganishe hizo mbili kwa kipande cha waya, kisha ufungue poti kwa picocom, programu ndogo ya kuongea na poti za seriali:

`picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0`

Andika herufi. Zikitokea kwenye skrini, adapta, draiva na ruhusa vyote viko sawa. Sasa toa waya: herufi zikome. Zikiendelea kutokea, programu ndiyo inayojirudishia, na jaribio halijathibitisha kitu. Kutoka picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-X.

Hatua ya 5: Kebo

Adapta ikifaulu na kifaa kikabaki kimya, kamata multimita. Washa kifaa, kebo ikiwa imechomekwa kwake tu. Weka ncha nyeusi kwenye pini ya 5 ya plagi inayokuja kwenye adapta, na nyekundu kwenye ya 2, halafu ya 3. Kwenye RS-232, yaani kanuni ya umeme ya poti hizi za pini tisa, waya wa kutuma ukiwa umetulia hukaa kwenye volti hasi, kati ya -3 na -15. Hasi ikiwa pini ya 2, vizuri, maana hapo ndipo adapta inaposikiliza. Hasi ikiwa ya 3, wote wawili wanaongea mdomo kwa mdomo, hakuna sikio; unahitaji kebo ya kuvuka, ile ya null modem. Yangu haikuwa na volti popote. Ilikuwa ya kifaa kingine, umbo lilelile, nyaya zimepangwa vingine.

Ukikuta volti chanya 3.3 au 5, simama hapo hapo. Hiyo ni TTL, seriali ya volti ndogo inayotoka moja kwa moja kwenye chipu, si RS-232, na adapta ya pini tisa inaweza kuunguza bodi ya kifaa hicho.

Hatua ya 6: Takataka kwenye skrini, au inasoma tu

Herufi za ajabu maana yake kasi au pariti (biti ya kukagua makosa) haikubaliani. Konsoli ya Catalyst ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Mizani nyingi za zamani hutaka biti 7 na pariti shufwa: `picocom -b 9600 -d 7 -y e /dev/ttyUSB0`.

Unaona maandishi ya kifaa lakini unayoandika hayafiki? Kama unatumia minicom, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, zima udhibiti wa mtiririko wa maunzi (Hardware Flow Control). Kebo yenye nyaya tatu tu haina waya wa kuipa kompyuta ruhusa ya kutuma, basi minicom inasubiri milele.

Hatua ya 7: Jina lisilohama

Ukiwa na adapta mbili, ttyUSB0 ya leo huweza kuwa ttyUSB1 ya kesho. Kwenye skripti tumia jina lililomo `/dev/serial/by-id/`. Adapta za CH340 kwa kawaida hazina namba ya pekee, kwa hiyo mbili za aina moja zitagombania jina. Hizo zitaje kwa `/dev/serial/by-path/`, na uweke alama kwa kalamu kwenye tundu la USB ili mtu asizibadilishe.