Inyime mbegu yako maji kabla hujaijaza shambani

Huku Lushoto kila msimu utamsikia mtu akinadi mbegu yake ya viazi mviringo: "Hii haijui jua." Mimi siamini mpaka niinyime maji mwenyewe. Fanya hivi kiangazi, bondeni penye mfereji.

Hatua ya 1. Chukua aina mbili, tuseme Shangi na Asante, viazi 22 kila aina. Viwe na ukubwa wa yai, machipukizi yalingane. Shangi huwahi kuchipua ghalani. Usipoangalia utalinganisha umri wa mbegu badala ya aina.

Hatua ya 2. Panda sentimita 30 shina hadi shina, 75 tuta hadi tuta. Kila aina iwe na mashina 10 ya kunyweshwa, 10 ya kunyimwa na mawili ya kuchungulia. Acha mita mbili kati ya makundi, na wanaonyimwa wasikae chini ya mteremko. Maji hayana adabu.

Hatua ya 3. Mwanzoni nywesha yote sawa, kama lita 5 na nusu kwa shina kwa wiki.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Kuanzia wiki ya 5 fukua kwa vidole yale mashina ya kuchungulia. Utaona vijiti vyeupe vikitambaa udongoni. Ncha zikivimba kama punje ya njegere, kata maji siku 14 kwa yale mashina ya kunyimwa tu. Mara ya kwanza mimi nilikata mapema mno, mimea yote ikadumaa, nikatangaza aina zote ni sawa. Nilijidanganya.

Majani kulegea saa 8 mchana si neno. Pita saa 12 asubuhi: yakiwa bado yamelala, kiu imefika.

Hatua ya 5. Rudisha maji. Tazamia vinundu na nyufa, maana kiazi kilichosimama kukua kikipata maji ghafla huota upya. Dalali akiviona, bei imekwisha.

Hatua ya 6. Majani yakikauka, vuna. Hesabu kwanza, ndipo upime kwenye mizani. Viazi vikiwa vichache, ukame ulivikuta vikianza kutunga. Vikiwa vingi lakini kama gololi, ulivikuta vikijaza. Linganisha kila aina na ndugu zake walionyweshwa. Ila aina isiyopoteza kitu, lakini hata ikinywa haijazi ndoo, mimi siirudishi shambani.