Kabla ya kuvunja kauri za joto kali: mambo ya kuzingatia

Ukitaka kupima nguvu ya kauri kwa kuipinda hadi ivunjike, ukiwa Tabora au Kigoma, mashine ya kwanza utakayoonyeshwa ni ile ya kupondea zege. Iache. Kijiti cha alumina (kauri ya oksidi ya alumini) chenye upana wa mm 4 na unene wa mm 3, kikilazwa juu ya rola mbili zilizoachana mm 40 na kubanwa na mbili za juu zilizoachana mm 20, huvunjika kwenye niutoni 400 hivi, sawa na uzito wa kilo 40. Mashine ya zege ya kilonutoni 2,000 (kilonutoni 1 ni niutoni 1,000) haiwezi kusoma mzigo mdogo hivyo. Tafuta yenye seli ya mzigo (kihisi kinachopima nguvu) ya kilonutoni 1 au 2, cheti chake cha ugezi, yaani cha kuthibitisha usahihi wa vipimo, kisiwe kimepitwa na wakati, na iweze kushuka mm 0.5 kwa dakika.

Andaa na maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo. Unene huingia kwenye hesabu ukiwa wa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa la mm 0.03 tu linapotosha jibu kwa asilimia 2. Pima kwenye ncha, au karibu na mvunjiko baada ya jaribio. Meno ya maikromita yasiguse katikati ya uso wa chini.

Uso huo ndio unaovutwa, na majibu mengi huharibikia hapo. Chuma hupinda kwanza. Kauri hupasuka ghafla kuanzia kwenye kasoro iliyo mbaya kuliko zote. Saga kwa jiwe la almasi na maji mengi, na hatua ya mwisho ifuate urefu wa kijiti. Mikwaruzo ikikatisha upana, utakuwa umempima fundi, si kauri. Kingo nne ndefu ziondolewe ukali kwa mm 0.12 hivi, nyuzi 45. Kikague kila kijiti kwa lenzi. Chenye kingo iliyomeguka kiweke kando.

Ukitaka wastani wa nguvu tu, vijiti 10 vinatosha. Kwa hesabu za Weibull, zinazoonyesha jinsi nguvu inavyotofautiana kati ya kijiti na kijiti, andaa 30, na vya akiba juu yake, kila kimoja kikifungwa peke yake, maana vikigongana ndani ya treni vinafika na nyufa usizoziona.

Vumbi la kiangazi la Tabora si jambo dogo: punje moja ya mchanga chini ya rola hukusanya mkazo mahali pamoja. Futa kwa spiriti, hakikisha rola zinazunguka. Unyevu nao husaidia ufa wa alumina kukua polepole, hivyo andika unyevu wa chumba, na usilinganishe vipimo vya Julai na vya Januari bila kuutaja.

Kwa jaribio la joto kali, ndani ya tanuri, vishikio vinavyobeba rola viwe vya silikoni kabaidi, kauri inayostahimili joto. Vikague kila mara, kwa sababu huota utando wa kioo unaonatisha rola. Kwa nyuzijoto 1,400 za Selsiasi, themokapo (waya za kupimia joto) ya aina ya K haifai. Tumia ya aina ya S, ncha yake ikikaribia kijiti bila kukigusa. Joto likifika, subiri dakika 15. Umeme ukikatika katikati, kijiti kilichokuwa ndani hakihesabiwi tena, hata kama kinaonekana kizima.

Vaa miwani. Kwa jaribio lisilo la tanuri, kwenye joto la kawaida la chumba, tia alama ya penseli kwenye uso wa juu wa kila kijiti na utandike karatasi laini chini: vipande hurukaruka, na bila alama huwezi kuviunganisha ujue ufa ulianzia wapi.