Jinsi ya kulinda oili ya giaboksi na vumbi (mashine za alizeti)

Mafundi wenzangu, mimi niko Kibaigwa nahudumia mashine za kukamua alizeti na hii kitu inaniuma sana, kila kiangazi beringi zinakufa mapema alafu tunasema oili feki, wakati mara nyingi uchafu tumeutia wenyewe.

Hatua ya 1, pipa. Usilisimamishe nje. Mchana jua linalipasha hewa inatoka, usiku baridi ya huku unaijua, pipa linavuta hewa kurudi ndani na maji yaliyotuama juu yanaingia nayo hata kama vizibo umevikaza. Weka ndani. Ukikosa nafasi lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja, kimoja kushoto kimoja kulia, oili ivifunike kwa ndani.

Hatua ya 2, chombo cha kumiminia, na hapa ndo tunapoharibu kabisa. Kidumu kilichokatwa mdomo, faneli imening'inia ukutani mwezi mzima, unaifuta na tambara linalotoa nyuzi unaona iko poa. Jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo chini ya maikroni 40 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), na utando wa oili ndani ya beringi ni mwembamba kuliko hapo mara nyingi sana, kwahiyo oili inayong'aa machoni inaweza ikawa inasaga mashine kama msasa. Tafuta kidumu chenye mfuniko, kila aina ya oili na chake, na ndoo za bati lenye zinki achana nazo maana zinki inagombana na dawa zilizomo kwenye oili.

Hatua ya 3, kabla hujafungua giaboksi piga brashi na ufute pale juu, na usifungue wakati wanapepeta au upepo unavuma, subiri.

Hatua ya 4, briza, yaani kile kipumulio cha juu ya giaboksi. Ikipotea watu wanachomeka tambara, vumbi linapita. Wengine wanaziba kabisa, giaboksi ikipata moto presha inasukuma sili (mpira unaozuia oili kwenye shafti) na oili inaanza kuvuja, alafu wanabadilisha sili tatu bila kujua shida iko juu. Funga briza yenye filta.

Hatua ya 5, asubuhi mashine ikiwa imelala usiku kucha, legeza nati ya chini ya kumwagia oili taratibu, maji yakiwepo yanatangulia kutoka. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa mwaga yote. Nati yenye sumaku ikitoka na unga laini kidogo ni kawaida, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, zima mashine hapohapo ufungue uangalie gia.