Kipimo cha haraka cha malaria kinasema kweli kiasi gani? Namna ya kukichunguza

Boksi la vipimo likija limeandikwa usahihi wa asilimia 95, namba hiyo ni ya huko kilikojaribiwa. Kwa zahanati ya Likoni au Kisauni, pima mwenyewe.

Chukua kila anayekuja na homa, kwa zamu, bila kuchagua. Ukikusanya waliozidiwa upande huu na wazima upande ule, kipimo kitang'ara bure. Mchomo mmoja wa kidole utoe tone la kipimo na damu ya slaidi, yaani kioo cha kusomwa kwa darubini. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa tayari, maana unyevu wa Mombasa huharibu ukanda upesi. Tumia bafa (kimiminika cha kudondoshea kipimo) ya boksi hilo hilo, usome kwa dakika zilizoandikwa, aghalabu 15 au 20. Mstari unaojitokeza saa nzima baadaye si jibu.

Hakimu ni slaidi. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10 hivi. Na isiitwe hasi kabla ya kupitia nyuga 100 (uga ni eneo linaloonekana kwa mara moja kwenye darubini) za tone nene la damu kwa lenzi ya mafuta. Isomwe na wawili, kila mmoja asijue jibu la kipimo wala la mwenzake. Wakitofautiana, wa tatu aamue. Hapa ndipo wengi huboronga: msomaji akishasikia kipimo kimesema ndiyo, atatafuta mpaka aone.

Hesabu sasa. Tuseme watu 200, slaidi imekuta vimelea kwa 40, na kipimo kimewakamata 38. Gawanya 38 kwa 40: unyeti, yaani uwezo wa kuwakamata wenye vimelea, ni asilimia 95. Katika 160 wasio navyo, kimewaachia 152: umahususi, yaani uwezo wa kuwaachia wasio navyo, nao asilimia 95. Lakini kwa wagonjwa 40 tu, unyeti halisi waweza kuwa popote kati ya 83 na 99. Andika hivyo, usijigambe.

Walioambiwa wanaugua ni 46, yaani wale 38 na 8 waliosingiziwa; kati yao wanaougua kweli ni 38. Sasa peleka kipimo hicho hicho msimu ambao wenye vimelea ni 20 katika 1,000: kitakamata 19 na kusingizia 49. Karibu watatu katika kila wanne wanaopewa dawa hawaihitaji!

Kabla ya kukilaumu, muulize kila aliyesingiziwa kama ametibiwa malaria karibuni. Vipimo vinavyotafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2 huendelea kutoa mstari wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Wenye vimelea ambao kipimo hakikuwakamata, hesabu vimelea vyao kwenye slaidi. Chini ya vimelea 200 kwa mikrolita ya damu, vipimo vingi huteleza. Na kipimo kisichotoa mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kuwa kimefanya kazi, kiandikwe daftarini kabla ya kurudiwa, kisitupwe kimya kimya.