Somo: utajuaje kama karata zako za poka zinastahili kulipiwa

Naandika mara moja ili nisirudie tena. Kila wiki mtu ananitumia picha ya karata zake: "Mkuu, nilipe au nitupe?" Ni hesabu tu, na unaimaliza kichwani kabla mwenzako hajaacha kuguna. Nazungumzia Texas Hold'em: mbili mkononi, tano mezani zinazofunuliwa tatu kwanza, kisha moja, kisha moja.

1. Hesabu karata za kukuokoa. Una ree na 8 za kopa, unasaka flashi, yaani karata tano za aina moja. Mezani kuna K na 4 za kopa, na J ya pau. Kopa zote ni 13, umeziona 4, zimebaki 9.

2. Gawa kwa karata usizoziona. 52 toa 5 ni 47. Tisa kwa 47 ni asilimia 19. Kichwani zidisha kwa 2, upate 18, inatosha.

3. Tazama bei. Katikati kuna 6,000, mwenzako anaongeza 4,000. Ukilipa, jumla inakuwa 14,000. Nne kwa 14 ni asilimia 28 na ushee. Nafasi yako ikiwa chini ya hapo, unanunua kwa hasara.

4. Kuzidisha kwa 4. Hapa ndipo nilipoungua, tena kwa miezi. Niliambiwa zikiwa zimebaki karata mbili kufunuliwa, zidisha kwa 4. Tisa mara 4 ni 36, na hesabu kamili ni 35, kwa hiyo sikudanganywa. Nikawa nalipa zile 4,000 kifua mbele, maana 36 inazidi 28. Karata ya nne inafunuliwa, si kopa. Mwenzangu anasukuma 10,000 juu ya zile 14,000. Sasa natakiwa niwe na asilimia 29, nami nina 9 kwa 46, yaani 19 na nusu. Natupa. Kumbe ile 35 ilikuwa bei ya kuona karata MBILI, na mimi nimelipia moja. Tumia 4 pale tu ambapo hakuna dau jingine litakalofuata, kwa mfano mmoja wenu ameshaweka zote. Vinginevyo ni 2, kisha 2 tena.
Onyo la pili: karata za kuokoa zikiwa nyingi, 4 inakupamba. Kwa 15 inasema 60, ukweli ni 54.

5. Toa zenye sumu. J ya kopa inakupa flashi, lakini mwenye K mbili mkononi inampa K tatu na J mbili, na hizo zinaishinda flashi. Umekamilika na umeliwa.

MASWALI

Kichwa Maji: Mkuu nina ree na 8, nilipe?
— Soma namba 1 hadi 3. Hujasema hata mezani kuna nini.

Mtu wa Gongo la Mboto: Nimekosa flashi mara tano mfululizo. Ya sita si lazima ije?
— Karata hazina kumbukumbu. Kukosa mara tano hutokea kama mara 1 katika 9. Ya sita ni 35 ileile.

Mtu wa Gongo la Mboto: Basi somo lako halisaidii.
— Halirudishi hela, hilo kweli.

Dada Hesabu: Kwa nini ugawe kwa 47 wakati wachezaji watano wameshika karata 10? Hizo si haziwezi tena kufunuliwa?
— Swali zuri, mimi nilikaa nalo muda mrefu. Chukua karata tatu, moja nyekundu, zichanganye, uzilaze kifudifudi. Mpe jirani moja bila kuiangalia. Ya juu kati ya mbili zilizobaki ina nafasi gani ya kuwa nyekundu? Bado 1 kwa 3, kwa sababu hujui aliyonayo jirani. Akikuonyesha yake, hapo ndipo hesabu inabadilika. Basi mtu akitupa karata akazifunua kwa bahati mbaya, na mojawapo ni kopa, wewe una 8 kwa 45.

Dada Hesabu: Nimeelewa! Na hii inasaidia kukisia za mwenzako?
— Sana. Ree mbili zinapatikana kwa njia 6, ree na K kwa njia 16. Ukiwa na ree moja mkononi, njia za yeye kuwa na mbili zinashuka hadi 3. Ndiyo maana simwogopi kila anayesukuma kwa kishindo.

Babu Kete: Sisi tunajifunzia kwa kete za bao badala ya pesa.
— Vizuri, ila watu wanalipa kila kitu kwa sababu hawaumii. Wekeni sharti: anayeishiwa anaosha vyombo.

Babu Kete: Tulijaribu. Sasa mke wangu ndiye anayecheza vizuri kuliko wote.